Kokoto Hasikiki

Ukurasa huu wa kwanza nilikuwa nimeuacha wazi. Nimeuandika mwisho, ili uwe mlango.

Wewe unayesoma, nakusihi: yaliyomo humu yaishie machoni pako. Usimsomee mtu kwa sauti. Usimwambie binamu yangu hata akikuuliza kwa upole, na hasa akikuuliza kwa upole. Mimi ni karani wa masijala. Mchana kutwa natunza mambo ya watu yasitoke nje ya faili, na sijawahi kupoteza hata karatasi moja. Haya ni yangu. Nayaweka kwako kwa sababu mimi peke yangu nimeshindwa kuyabeba.

Jumapili, 3 Machi

Shangazi ameondoka leo asubuhi kwenda hospitali ya macho, mji wa mbali. Kafuatana na binamu yangu, bintiye. Watakaa huko karibu msimu wote wa mvua: kwanza jicho la kulia, likipona ndipo la kushoto. Nimeachiwa nyumba, ufunguo wa kabati la vyombo vya wageni, na Kokoto.

Kokoto ni mbwa mdogo wa rangi ya majivu, anaenea kwenye kapu la sokoni na nafasi ikabaki. Jina amelipata kwa mwendo wake. Akipita kwenye vigae, kucha zake hulia kama mtu anayemwaga kokoto kidogo kidogo. Shangazi hataki zikatwe. Tangu macho yaanze kumfifia, humfuata mbwa wake kwa masikio. Ameketi kwenye kiti chake cha dirishani atasema, "Yuko jikoni, anazunguka meza," nawe ukichungulia, yuko jikoni, anazunguka meza. Asubuhi hashushi mguu kitandani mpaka asikie mbwa yuko upande gani, asije akamkanyaga.

Kabla ya kupanda gari alinishika mkono. "Baba, nakuachia macho yangu. Uyatunze."

Nikasema nitayatunza. 

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mafaili yananuka ukungu.

Jumapili, 10 Machi

Shangazi amepiga kwa simu ya binamu. Hakunisalimu vizuri. "Niwekee simu chini nimsikie."

Nikaweka simu sakafuni, nikamvuta Kokoto kwa kipande cha biskuti kutoka mlangoni hadi mezani. Tik-tik, tik-tik, na ule mguu wa nyuma ukikwaruza kidogo.

"Huyooo!" akapiga kelele, nikasikia na wagonjwa wenzake wakicheka. "Mguu wa nyuma bado anauburuza. Mvivu wewe, umemfuata nani? Kwetu hakuna wavivu." Kisha akaniambia mimi: "Kila Jumapili, baba. Hizo dawa nyingine ni za daktari. Hii ndiyo yangu."

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeingia masijala. Tumehamisha rafu.

Ijumaa, 15 Machi

Nimerudi kazini nikamkuta Kokoto kwenye mkeka, analamba mguu wa mbele wa kulia, analamba tu, kama anayetaka kuumaliza. Nilipougusa akaguna. Hajawahi kunigunia.

Nimetafuta miwani ya kusomea ya Shangazi, ile aliyoiacha kwa sababu haimsaidii tena, nikatazama. Kuna ukucha mmoja wa juu, wa kile kidole kinachoning'inia pembeni kisichofika ardhini. Umekua ukajikunja kama pete, na ncha yake imerudi ikazama kwenye nyama. Pana usaha. Kucha nyingine zote tunazijua kwa mlio. Huu hauna mlio, kwa hiyo katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuukumbuka.

Jumamosi, 16 Machi

Nimempeleka kwa daktari wa mifugo. Ofisi yake iko nyuma ya duka la chakula cha kuku, meza yake ni ya bati, na mwenyewe ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea na ng'ombe.

"Mbwa wa nani huyu?"

"Wa shangazi yangu."

"Na kucha hizi za nani? Za tai?"

Aliukata ule ukucha wa pete kwa mkasi wake mfupi, akauchomoa. Kokoto alitoa sauti moja ambayo sitaiandika. Mimi ndiye niliyekalishwa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kichwa katikati ya magoti.

Kisha akanifundisha. Ndani ya ukucha mna nyama yenye mshipa. Kwa mbwa mwenye kucha nyeupe unaiona, inang'aa waridi. Za Kokoto ni nyeusi tii, huoni kitu. "Kwa hiyo unakata kidogo, kama unavyochonga penseli. Unatazama pale ulipokata. Unakata tena kidogo, unatazama. Ukianza kuona katikati doa jeusi lenye unyevu, weka mkasi chini. Umefika nyumbani kwa mwenyewe, usivunje mlango."

"Na nikivunja?"

"Bana kwa kitambaa safi, chovya kwenye unga laini wa mahindi, shikilia mpaka damu ikatike. Mbwa hafi. Wewe nakuona ndiye utakayekufa."

Halafu akamsimamisha Kokoto mezani, akanionyesha vidole vilivyosukumwa juu, vimepinda. Akaushika mguu wa nyuma. "Huu anauburuza?"

"Ndiyo. Ni mvivu kidogo."

"Si mvivu. Unauma. Kucha ndefu kwenye sakafu ngumu ni kama wewe kuvaa viatu vidogo maisha yako yote. Kata kidogo kila wiki, na nyama nayo itarudi nyuma taratibu. Mwisho wake ni pale atakapotembea asisikike."

Nikamweleza habari ya Shangazi. Akanawa mikono kwanza, akajifuta, ndipo akasema: "Mvishe kengele. Lakini mbwa mwenye miguu mizima hasikiki, kijana. Mimi sikuumba."

Jumapili, 17 Machi

Kabla ya simu ya Shangazi, binamu alinipigia kivyake. "Mama anapasuliwa Alhamisi. Sikiliza vizuri, usimwambie lolote la kumtia huzuni. Daktari kasema akilia atasugua jicho, akilisugua ndiyo basi tena. Lolote, umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

Basi Shangazi alipopiga, sikusema. Kokoto alichechemea hadi kwenye simu.

"Leo ana nini? Mguu wa mbele haugusi sawasawa."

"Sakafu ina maji, Shangazi. Mvua."

Uongo wangu wa kwanza. Ulitoka laini kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

Jumatatu, 18 Machi

Nimenunua mkasi wa kucha za mbwa. Nimeuficha kwenye droo ya ofisi, Chapa akauona. Chapa ni mpiga chapa wetu, na hakuna jambo analoliacha lipite.

"Mbwa anakatwa kucha? Mimi mwenyewe za miguu sizikati mpaka mume wangu alalamike shuka zinatoboka."

"Ni za matibabu."

"Za matibabu! Haya, daktari. Ukimaliza kwa mbwa uje na kwangu."

Jumanne, 19 Machi

Nimemgusa miguu tu. Sikukata.

Jumatano, 20 Machi

Nimemgusa tena, na biskuti. Amelala. Mimi ndiye niliyeloa jasho.

Alhamisi, 21 Machi

Ujumbe wa binamu: upasuaji umekwenda salama, jicho limefungwa.

Kwa furaha nimekata ukucha mmoja. Kidogo, nikatazama, kidogo tena, nikatazama. Doa likatokea. Nikaweka mkasi chini. Hakuna damu! Kokoto alinusa kile kipande kama mtu anayekagua risiti.

Nimejiona mwanamume.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika haya nimefungwa kitambaa mkononi.

Nilijiandaa. Taulo chini, biskuti kushoto, kitambaa safi kulia, unga wa mahindi kwenye kibakuli, na taa nimeisogeza. Nilikata kucha zote za mguu wa kushoto, salama. Nikamsifu. Nikaingia mguu wa kulia, ule wenye kidonda, na hapo moyo ukaanza. Nilijua unapiga kwa nguvu, na nadhani yeye aliusikia, maana alikuwa ameegemea kifuani pangu. Akaacha kutafuna biskuti. Akanitazama usoni.

Radi ikapiga, akaruka, na mkono wangu ukafunga.

Sikujua kwamba ukucha mdogo hivyo una damu nyingi hivyo. Nilishika kibakuli cha unga, nikakuta umeganda donge moja. Nilikuwa nimeuandaa tangu jana na kuuacha kwenye dirisha lililo wazi, unyevu wote wa mvua hizi ukauingia. Mimi ninayefunika mihuri isipate vumbi! Nilikuwa napondaponda donge kwa kidole huku mkono mwingine ukimbana Kokoto, na nilimbana kupita kiasi, kwa sababu nilikuwa naogopa. Akaning'ata. Alikuwa na haki. Nikamwachia, akapita vigae vyote hadi chumba cha Shangazi, akaacha nyuma yake matone, moja kwa kila hatua.

Yuko chini ya kitanda cha Shangazi. Nimelala kifudifudi mlangoni nikimwita. Nimemwita kwa sauti yangu, kisha kwa sauti ya Shangazi. Nilipoigiza sauti ya Shangazi ndipo akarudi ndani zaidi, hadi ukutani.

Damu imekatika yenyewe. Hilo sikulifanya mimi.

Jumapili, 24 Machi

Hajatoka. Simu ikaita.

Sauti ya Shangazi ilikuwa dhaifu, ya mtu anayezungumza bila kusogeza kichwa. "Baba, wamenifunga kama kifurushi, macho yote mawili. Giza tupu. Niwekee simu chini nimsikie."

Nilimwita Kokoto. Nikaweka biskuti mlangoni, nikasogeza godoro. Akabaki macho mawili gizani.

"Baba? Upo?"

"Nipo, Shangazi. Anakuja."

Nikaweka simu sakafuni. Nikapiga magoti. Nikagonga vigae kwa kucha zangu mwenyewe, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, nikitambaa kutoka mlangoni hadi mezani.

Upande wa pili palikuwa kimya. Kisha akasema, "Ahsante, baba. Inatosha."

Niliinuka nikifuta jasho, nikamshukuru Mungu kwamba ameamini.

Jumatano, 27 Machi

Bakuli lake nalikuta tupu nikirudi kazini, kwa hiyo hutoka nisipokuwepo.

Jumapili, 31 Machi

Nimegonga tena. Nimetia na mkwaruzo wa mguu wa nyuma. "Ahsante," akasema. Hakuuliza kitu kingine. Sauti imekauka. Ni dawa, bila shaka.

Ijumaa, 5 Aprili

Bosi wetu, tunayemwita Muhuri, amesimama nyuma ya kiti changu bila mimi kujua.

"Karani, hapa ni ofisini au ngomani?"

Nilikuwa nafanya mazoezi kwenye meza. Sikuwa nimetambua. Chapa akadakia, "Msamehe, bosi, anajifunza kutembea." Ofisi nzima ikacheka. Nikacheka nami, kucha zangu nimezifumba ndani ya ngumi.

Jumapili, 7 Aprili

Nimegonga. Sasa ni vizuri sana, hata mimi ningedanganyika. Shangazi amesema, "Usijichoshe, baba."

Alhamisi, 11 Aprili

Kokoto ametoka nikiwa ndani. Nilikuwa nimeketi sakafuni nimempa mgongo, nasoma gazeti la zamani, nikahisi pua kwenye kiwiko. Sikugeuka. Nililia bila kusogea.

Jumapili, 14 Aprili

Binamu amepiga badala yake. Jicho limevimba. Limeingia vidudu. "Analisugua. Nesi anakuta mto umelowa. Namuuliza, Mama, unalia nini? Hasemi. Wewe hajakuambia kitu?"

"Hapana. Labda ni lile giza."

"Labda. Basi msikilizishe mbwa vizuri, angalau apate faraja."

Nikamsikilizisha vizuri. Nilipita sebule nzima mara mbili, magoti yamechubuka. Kokoto alikuwa ameketi kwenye mkeka, ananitazama nikitambaa. Ningeweza kumwita yeye. Lakini bado anachechemea, na Shangazi angesikia, angeuliza, angelia. Ndivyo nilivyofikiri. Naandika jinsi nilivyofikiri.

Jumamosi, 20 Aprili

Ukucha mmoja tu kila jioni, kisha biskuti, kisha namwachia hata kama hajaniomba. Unga nauhifadhi kwenye chupa yenye kifuniko. Leo amenipa mguu mwenyewe.

Jumapili, 21 Aprili

Nimegonga. "Inatosha, baba."

Jumatatu, 29 Aprili

Haburuzi tena! Amekimbia kutoka jikoni hadi mlangoni, miguu yote minne ikishuka sawasawa, masikio yanapepea. Nimempeleka kwa daktari wa mifugo. Amemtembeza kwenye sakafu ya saruji, akainamisha kichwa, akasikiliza, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Husikii kitu, eeh? Umefanya kazi."

Nilitembea kurudi nyumbani kwenye mvua bila mwavuli. Njiani nikakumbuka maana ya alichokisema.

Jumamosi, 4 Mei

Wamerudi.

Jicho la kulia limepotea. La kushoto hawakuligusa, wameogopa. Linaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita, basi. Binamu alinieleza haya pale kwenye geti, haraka haraka, akaenda dukani kununua maziwa.

Shangazi aliingia ameshika ukuta. Amepungua. Akaketi kwenye kiti chake, akaweka mikoba magotini kama mgeni.

"Baba, dada yako ametoka?"

"Ametoka."

"Kaa hapa. Niambie sasa. Umemzika wapi?"

Sikuelewa. "Nani, Shangazi?"

"Usinifiche tena, mimi si mtoto. Nimejua tangu ile Jumapili ya kwanza nikiwa nimefungwa. Kokoto ana miguu minne, baba. Wewe ulikuwa na mikono miwili." Akashika mikoba kwa nguvu. "Nikajisemea, mbwa amekufa, na huyu mtoto anaogopa kuniambia, anatambaa chini kama mwehu ili mimi nisilie. Ningekuumbuaje? Nikakaa kimya. Nikalia usiku, wakati nesi haoni. Sasa niambie tu, uani, au kule kwenye mtaro?"

Na muda wote huo Kokoto alikuwa ameketi mbele yake, mkia unafagia sakafu, anamtazama usoni. Alikuja tangu aliposikia sauti yake getini. Alikuja mbio, na hakuna aliyemsikia.

Kokoto akachoka kusubiri, akainuka, akamwekea miguu ya mbele magotini.

Shangazi alipiga ukelele ambao majirani wameuulizia. Mikoba ilianguka. Alimshika masikio, shingo, mgongo, akamnusa kichwa, akacheka, akanitukana mimi na ukoo wangu, ambao ni wake. Kisha vidole vyake vikashuka kwenye miguu. Akagusa ukucha mmoja mmoja. Akafika kwenye kile kidole cha pembeni, kwenye kovu.

"Alikuwa anaumia?"

"Ndiyo, Shangazi. Hata ule mguu wa nyuma."

"Nami nikimwita mvivu."

Mvua ikasikika juu ya bati la jirani. Akasema polepole, si kwangu, "Kumbe nilimlilia aliye hai."

Akanyanyua mkono kwenda kwenye jicho lililofungwa. Akakumbuka, akaushusha.

Daktari wa macho hakusema ni machozi. Kasema vidudu. Vidudu viliingiaje, hakuna aliyesema, na nilipotaka kumuuliza Shangazi, alinitangulia: "Dada yako asijue nilikuwa nalia nini. Atakuchukia, nawe utamwacha akuchukie, nakujua. Hilo libaki letu."

Binamu akaingia na maziwa. "Jamani, Kokoto! Mbona leo hasikiki? Mama, unamsikia?"

"Namsikia," akasema Shangazi.

Jumatano, 8 Mei

Amemkanyaga.

Ijumaa, 10 Mei

Amemkanyaga tena. Hakuna aliyeumia, lakini Shangazi alikaa chini hapo hapo alipokuwa, hakutaka kuinuliwa.

Nilileta kengele. Aliitikisa sikioni, akanirudishia. "Mbwa si baiskeli."

Kisha akasema, "Au tuziache zikue." Akamkanda Kokoto ule mguu wa nyuma, akaukanda sana. "Hapana. Kata. Mimi nitamshika."

Jumapili, 12 Mei

Mvua zimekatika. Binamu amerudi kwake tangu Jumatatu, kwa mumewe na wanawe.

Leo tumekata pamoja. Shangazi amemkumbatia, mimi nimeshika mkasi. Bado naogopa kama mwanzo. Sikuwa jasiri msimu huu, nimejifunza tu mahali pa unga. Anasikiliza kila mkato. Mara mbili alisema "hapo" kabla sijaliona doa.

Siku nzima namwambia. "Yuko jikoni, Shangazi, anazunguka meza." "Yuko miguuni pako, kushoto." Ananishukuru kama anavyomshukuru mtu anayemsomea barua. Lakini kesho ni Jumatatu. Nitakwenda kazini, na hapatakuwa na mtu wa kumwambia. Wiki yote hii alibaki kitandani, miguu juu, tangu asubuhi hadi nilipofungua mlango jioni. Nilimkuta hivyo, ameketi wima, na Kokoto amelala sakafuni pale pale ambapo angeshusha mguu.

Nimefikiri mpaka nimechoka. Kucha zikikua, anaumia Kokoto. Zikikatwa, anafungwa Shangazi kitandani.

Kama wewe unajua njia ya tatu, nitafute. Saa za kazi, panda ngazi, masijala ni mlango wa pili. Uliza karani wa kucha, Chapa atacheka kwanza kisha atakuonyesha. Usiache ujumbe kwa Muhuri. Jioni njoo nyumbani, ile yenye geti la kijani lisilofungika vizuri. Usipige kengele. Buruta miguu tangu getini, kohoa, taja jina lako kabla ya kuulizwa, ili Shangazi ajue unatokea upande gani. Mimi nitakuwa sakafuni.

Na mlango ukifunguliwa, kabla hujainua mguu kuingia, tazama chini.